Kipande cha bati kwenye reli ya kitanda

Mimi ni fundi sanifu vifaa tiba. Ukiitaja kazi hiyo huku Ngamiani, mtu wa pili atakuletea redio. Nimeifanya miaka 14 katika hospitali moja hapa Tanga mjini, na jina lake naliacha, maana kosa ninalotaka kusimulia ni langu na sioni sababu ya jengo zima kulibeba.

Kazi yetu ina kiburi chake. Kipuri hakipo, unachonga. Kikipatikana hakiingii, unakipasha moto mpaka kiingie. Taa moja ya thieta, yaani chumba cha upasuaji, niliifunga kwa springi ya kiti cha pikipiki na mpaka leo inawaka. Kwa hiyo wageni walipokuja na kifaa kipya cha kujaribiwa, wahandisi wawili na madaktari watatu, wengine kutoka Dar es Salaam na wengine nje ya nchi, nilijiona kwamba mtu waliyekuwa wanamtafuta ni mimi hasa.

Kifaa kilikuwa cha upasuaji wa tumbo kwa matundu madogo. Kwa kawaida, ili daktari aone ndani kwa kamera, tumbo hujazwa gesi ya kaboni dayoksaidi mpaka linyanyuke kama kuba, kwa shinikizo la milimita 12 hadi 15 za zebaki. Gesi hiyo haiwaki pale daktari anapochoma mishipa kwa umeme, na inayeyuka upesi kwenye damu, mgonjwa akaitoa kwa pumzi. Ndiyo, ni ileile ya kwenye soda. Mhudumu wetu mmoja alipolijua hilo alikaa wiki nzima akiuita mtungi wa thieta kreti. Shida ni kwamba tumbo likijaa gesi linasukuma mapafu juu, hivyo mgonjwa hulazwa usingizi kamili, nusu kaputi yenyewe, na mashine imsaidie kupumua. Hapo unahitaji mtungi, mashine ya kusukuma gesi, mashine ya usingizi na mtu wa kuikalia. Kimoja kikikosekana, mgonjwa anachanwa mkato mrefu kama zamani.

Wageni walikuja na njia ya kuikwepa gesi. Kifaa chao kina pete ya chuma kisichoshika kutu, yenye mwanya upande mmoja. Inaingizwa kwa tundu la kitovuni kwa kuzungushwa, kama unavyoupenyeza ufunguo kwenye pete yake, mpaka yote inalala chini ya ukuta wa tumbo. Kisha inashikwa na mkono wa chuma uliobanwa kwenye reli ya pembeni ya kitanda. Unazungusha kishikio, mkono unapanda, tumbo linainuka kama hema na hewa ya kawaida inaingia yenyewe. Kwa baadhi ya upasuaji, hasa wa chini ya kitovu, sindano ya mgongo inatosha na mgonjwa anabaki macho. Wazo si geni, wapasuaji walikuwa wanainua matumbo bila gesi tangu miaka ya 1990. Kilichokuwa kipya ni wepesi wa hiki, kilivyofunguka vipande vichache, na kwamba mkono wenyewe haukuhitaji umeme.

Miezi ya makaratasi siisimulii. Vibali vya NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, na vya TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, fomu za ridhaa, kikao juu ya kikao. Nakumbuka tu mzee mmoja aliyesomewa fomu mpaka lilipofika neno "majaribio", akavaa kofia yake: "Mimi si panya, mwanangu." Akaondoka zake. Alikuwa na haki, na fomu yenyewe ilisema hivyo.

Mazoezi yalikuwa na raha yake. Tulikata boksi la karatasi ngumu, tukatoboa matundu, tukafunga kamera ndani, madaktari wakawa wanamenya machungwa ya Muheza kwa vyuma virefu huku wakitazama kioo. Nyuzi za katani tulizichambua wakafungia mafundo. Mwanzoni ni aibu tupu. Chuma kinapita kwenye tundu, hivyo ukipeleka mkono kushoto, ncha inakwenda kulia. Daktari mmoja kijana alikuwa karibu kutoa machozi. Mimi baba yangu alikuwa na ngalawa, nikamwambia, Dokta, hiyo ni kana ya usukani. Ukiisukuma kana huku, chombo kinaelekea kule, na nahodha hafikirii mkono wake, anafikiria anakokwenda. Sijui kama nilimsaidia, lakini machungwa yalianza kutoka mazima.

Sasa nije kwenye ndoo.

Kabla ya mgonjwa wa kwanza, mkono ulitakiwa kupimwa kama unashikilia mzigo bila kushuka. Karatasi ya wageni ilisema kilo 20, usiku kucha. Kilo 20 ni ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, hilo halihitaji maabara. Thieta kubwa ilikuwa na kazi, tukaufunga mkono kwenye kitanda cha thieta ndogo, kitanda kikuukuu cha Kiingereza kilichokuja kwa msaada kabla sijaajiriwa. Tukaning'iniza ndoo, nikachora mstari wa chaki ukutani usawa wa mdomo wake. Wageni wakaenda kulala hotelini kwao Raskazone. Nikabaki mimi na mlinzi.

Saa nne usiku mdomo wa ndoo ulikuwa chini ya chaki kwa upana wa kidole.

Nilipiga magoti, nikashika kibano. Kilikuwa kinacheza. Nikakaza skrubu, ikafika mwisho wa hesi na bado kikacheza. Nikachukua kalipa nikapima reli, unene wake milimita 6.35, yaani robo inchi. Hapo nikaelewa. Reli za vitanda vya upasuaji hazifanani duniani. Za Ulaya bara ni milimita 10 kwa 25. Za Marekani ni 9.5 kwa 28.6. Za Kiingereza ni nyembamba na ndefu, 6.35 kwa 31.75, na Wajapani wana zao. Aliyetengeneza kibano aliipima reli ya kwao. Na hospitali zetu, kwa kuwa vitanda vinakuja kwa misaada ya kila upande, unaweza kukuta Uingereza na Ujerumani zimelala vyumba viwili vinavyopakana.

Nilifanya nini? Nilichofanya siku zote. Nilikwenda karakana, nikakata kipande cha bati nene kutoka mlango wa kabati bovu, nikakisugua ncha, nikakichomeka kati ya reli na kibano, nikafunga na utepe. Nikapandisha ndoo mpaka kwenye chaki. Alfajiri, adhana ya Subhi inaadhiniwa, maji yalikuwa palepale. Kwenye kitabu cha majaribio, mbele ya swali "Je, mkono umeshuka?", nikaandika: Haukushuka.

Sikuona kama nimesema uongo. Nilijiona nimefanya kazi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo mtu wa Pwani atalielewa bila kuelezwa. Umealikwa futari, uji umeungua, mwenyeji kakukazia macho. Unasema nini? Unasema mashaallah, unaomba na bakuli la pili. Wale watu walikuwa wamesafiri, wamekuja na kifaa wamekibeba kama mtoto, walikuwa wanatuita kwa majina na kula nasi ugali na samaki changu. Nianze kuwaambia mtoto wao ana kilema?

Sista wetu mkuu wa thieta hakuwa na shida hiyo. Siku ya tatu aliuchukua mkono ulipotoka kwenye mtambo wa mvuke, nyuzi 134, ukiwa safi kwa kila namna, akaugongesha kiungo chake juu ya shashi nyeupe. Ukadondoka unga wa kahawia. Ilikuwa damu ya ng'ombe tuliyokuwa tumeipaka kwa makusudi, ili tujaribu usafi. Akawaonyesha wageni kitundu kwenye kiungo, akachukua brashi ndogo kabisa aliyokuwa nayo, ile ya kusafishia chuchu ya chupa ya mtoto, akasukuma, haikupita. "Mvuke unaua vijidudu, hausombi uchafu," akawaambia. "Hapa ndani damu inaganda, na mkiniletea mgonjwa wa pili, hiki sikitii mkononi." Akakiweka mezani, akavua glavu.

Mimi niliona haya kwa niaba yake. Wageni walipiga picha unga ule kutoka kila upande kama watu waliookota dhahabu. Wakaandika kurasa mbili. Wiki sita baadaye kiungo kilirudi kinafunguka chote kwa mkono. Wala hilo halikunifundisha chochote kwa wakati ule, nilidhani sista ana bahati na wazungu.

Wagonjwa sita wa kwanza walifanyiwa thieta kubwa, ambako kitanda kina reli ya milimita 10 na kibano kilikaa kama kimezaliwa nayo. Watano walikwenda vizuri. Kwa mmoja, mama mwenye mwili mkubwa, hema halikuinuka vya kutosha. Huo ndio udhaifu wa kuinua bila gesi, kwamba katikati panapanda lakini pembeni panabaki pamelala, mahali ambapo kuba la gesi lingesukuma kote. Daktari hakung'ang'ania, akabadilisha akafungua kwa mkato, na sababu ikaandikwa ilivyo. Tulikuwa tumeanza kuzoea. Mtu akinusa kazi imezoeleka, ajue ndipo hatari ilipo.

Asubuhi ya mgonjwa wa saba, kitanda cha thieta kubwa kilikutwa kinavuja mafuta ya haidroli. Ratiba ikahamishiwa thieta ndogo. Mgonjwa alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Pangani, mwenye uvimbe kwenye ovari. Alichomwa sindano ya mgongo, akalazwa, na yuko macho, anamsimulia mtaalamu wa usingizi habari za mjukuu wake.

Mimi nilifika kutoka kwenye yale mafuta, mikono bado inanata. Nilipoingia, shuka za kijani zilikwisha kutandikwa na kibano kimefunikwa. Nikaikumbuka bati. Nakumbuka kabisa kwamba niliikumbuka. Nikatazama shuka, nikatazama saa, nikajiambia: lipo, nani angelitoa.

Lilikuwa limetolewa zamani. Kijana wa usafi alikuta kipande cha bati lenye kutu kimefungwa kwa utepe kwenye kitanda cha upasuaji akalitupa. Hata mimi ningelitupa.

Dakika kama kumi na tano hivi kila kitu kilikuwa shwari. Halafu kwenye kioo cha picha nikaona paa la hema linashuka. Halikuanguka. Lilishuka kama maji yanavyopwa, huoni yanavyokwenda ila unaona pwani imebadilika. Daktari akasema, "Nani anashusha?" Hakuna aliyekuwa ameshika kishikio. Akachomoa vyuma vyake vyote mara moja, kimoja baada ya kingine, na sista akaukumbatia ule mkono wa chuma kwa mikono miwili kama mtu anayezuia mlango. Thieta nzima ikanyamaza.

Kutoka upande wa pili wa pazia mama akauliza, "Mbona mmenyamaza?"

"Tunarekebisha kitu kidogo, mama," mtaalamu wa usingizi akamjibu. "Unasikia maumivu?"

"Maumivu sisikii. Nasikia kimya chenu."

Nilikuwa na spana mfukoni. Naapa mkono ulikuwa umeshaanza kwenda, na kichwani nilishaona ni bati gani litafaa. Daktari akatikisa kichwa. Akasogea mpaka pale mama anapoweza kumwona uso, akashusha barakoa, akamwambia kifaa hakishiki vizuri, na kwamba atamalizia kwa mkato mdogo chini ya tumbo kama walivyokubaliana kwenye fomu. Mama akasema, "Fanya, Mungu yupo." Uvimbe ulitoka salama. Hakuna utumbo ulioguswa wala mshipa. Ila alikaa wodini siku kadhaa zaidi ya ambazo angekaa, na kovu alilobaki nalo si lile aliloahidiwa.

Tulipokuwa tunanawa, daktari aliniuliza bila kunitazama. "Fundi, siku ile ya ndoo kilifanya hivi?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona kitabu kinasema hakikushuka?"

Maji ya bomba yaliendelea kumwagika. Nikamweleza habari ya bati. Hakupandisha sauti, na ingekuwa nafuu angepandisha. Aliniambia tu niandike, kwa mkono wangu, tarehe ya ndoo na tarehe ya leo kwenye ukurasa mmoja. Jaribio likasimamishwa siku hiyohiyo, taarifa ikapelekwa kunakostahili, na wageni nikawapigia mimi mwenyewe. Mhandisi mmoja alikaa kimya kwenye simu, kisha akaniuliza milimita ngapi. Nikamwambia 6.35. Akasema kama ningemwambia usiku ule, wangenichongea kibano kingine ndani ya wiki. Nikagundua kwamba yule mtu hakuwa anasubiri kusifiwa uji wake hata siku moja.

Nimelifikiria sana hili tangu hapo. Ufundi wa kuokoteza ndio unaoziweka hospitali zetu hai, siutukani wala sitauacha. Taa ya springi naitunza. Lakini kifaa kilicho kwenye majaribio kimeletwa ili kishindwe mbele ya ndoo, kisije kikashindwa mbele ya mtu. Mimi nilikinyima nafasi hiyo. Nilikishika mkono kikavuka mtihani, halafu siku ya kazi sikuwapo kukishika. Na kingekwenda hospitali nyingine isiyonijua, yenye kitanda kama chetu, kikiwa na cheti chenye maandishi yangu.

Kuna ile karatasi ya ukaguzi wa usalama inayosomwa thieta kabla ya mkato: jina la mgonjwa, sehemu inayopasuliwa, vifaa vimehesabiwa. Wengi wetu huisoma kama dua ya haraka. Sikujua mpaka daktari aliponieleza kwamba Shirika la Afya Duniani liliijaribu katika miji 8, na baina ya London, Seattle na Toronto ulikuwemo mji wetu wa Ifakara. Matokeo yalitoka 2009, vifo baada ya upasuaji kwenye hospitali hizo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Karatasi tu, bila chuma wala betri. Ya kwetu tumeiongezea mstari kwa kalamu: reli imepimwa, kibano kimevutwa kwa mkono kabla ya shuka. Anayevuta ni mimi.

Wodini nilikwenda siku ya pili. Hakuna aliyenituma, na nilizunguka bustani mara mbili kabla ya kuingia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye daktari?"

"Mimi ni fundi." Nikamweleza. Bati, ndoo, kitabu, yote. Alinisikiliza huku akiweka sawa kanga yake begani.

"Kwa hiyo ulijua."

"Nilijua."

Alitazama dirishani muda mrefu. "Baba watoto ni fundi mashua," akasema baadaye. "Mashua ikivuja anatia kalafati, hiyo ndiyo kazi yake. Lakini hajapata kuirudisha mashua kwa mwenyewe bila kumwonyesha ilipovuja." Kisha, kana kwamba hilo limekwisha, akaniuliza ataanza lini kubeba ndoo ya maji. Nikamwambia hilo aulize daktari. Akacheka, akashika tumbo, akaniambia nisimchekeshe.

Kibano kipya kilifika baada ya miezi minne. Kina taya mbili unazobadilisha, moja ya reli nene na moja ya nyembamba, na hesi ndefu zaidi. Tukarudi thieta ndogo, kitanda kilekile cha Kiingereza, ndoo ileile, mstari mpya wa chaki juu ya ule wa zamani ambao hakuna aliyeufuta. Wageni wakaenda kulala. Mlinzi akaja kukaa mlangoni na kikombe chake cha tangawizi.

Saa nne na dakika kumi usiku mdomo wa ndoo ulikuwa umeshuka chini ya chaki, kidogo sana, kama upana wa ukucha. Nilipima mara mbili. Spana ilikuwa mfukoni, naisikia uzito wake pajani.

"Fundi," mlinzi akasema, "hiyo inashuka. Si ukaze?"

"Naiona."

Nikaandika: saa 4:10 usiku, imeshuka milimita 4, reli ya 6.35, taya nyembamba, sijagusa.

Akanitazama, akaitazama ndoo. Akaingiza mkono kwenye koti. "Basi kama leo huna kazi," akasema, "nitazamie hii redio."